Titi la Mzee Nkwabi

Katika darasa la jioni la Mkolani salamu zilikwenda kinyume. Mwalimu alipoingia, wanafunzi walisimama kwa heshima kama watoto wa shule, lakini mwalimu ndiye aliyewaamkia. "Shikamooni," alisema Mwalimu Winnie, binti ambaye karibu kila aliyekuwamo angeweza kumzaa. Nao, wakiwa bado wamesimama wima, walijibu, "Marahaba, mwalimu," ndipo wakakaa.

Nkwabi alikaa dawati la mbele. Alikuwa fundi wa sofa pale Mkuyuni, na pia mzee wa kanisa. Watoto wake wote walikwisha kumaliza sekondari, shule ambayo yeye hakuigusa kwa sababu baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na wachungaji wachache. Sasa alijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Kabla ya kila kipindi aliinamisha kichwa na kumwomba Mungu amfungulie akili, hasa upande wa baiolojia. Nyuma yake alikaa Mayala, mdogo wa mke wake, ambaye kila mara alingoja amina ipite ndipo amnong'oneze.

"Shemeji, umeniombea na mimi, au umejiombea peke yako kama kawaida?"

"Nimekuombea ukae kimya."

"Basi Mungu bado hajajibu."

Jioni hiyo Mwalimu Winnie alikuja amekumbatia hadubini. Mchana alikuwa mfanyakazi wa maabara ya hospitali, katika chumba ambacho vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa hukatwakatwa ili daktari avisome. Alikuwa ameomba ruhusa kuazima hadubini kuukuu pamoja na vioo vichache vya kufundishia vilivyobandikwa vinyama. Aliiweka mezani, akaitengenezea mwanga, akageuka.

"Leo ni ngozi na tezi zake," alisema. "Kinyama hiki kililowekwa kwenye dawa kisioze, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa chembamba mpaka mwanga unapenya, kikatiwa rangi. Palipo na zambarau ni viini vya seli. Palipo na waridi ni nyuzi za nyama zinazozishikilia."

"Ngozi ya wapi hiyo, mwalimu?" aliuliza Mayala.

"Ya kwenye titi la mwanaume."

Darasa zima liliangua kicheko. Mayala aliinua mkono tena.

"Mwalimu, na heshima zote, mwanaume hana titi. Mwanaume ana kifua."

"Na hizo mbili ulizonazo kwenye hicho kifua ni nini?"

"Mapambo tu, mwalimu."

Wote walicheka isipokuwa Nkwabi. Kwa majuma kadhaa alikuwa amebeba kitu kando ya chuchu yake ya kushoto. Alikigundua akijipaka sabuni: kidogo, kigumu, kinateleza chini ya kidole kama fundo la uzi lililosahauliwa ndani ya sponji. Mwanzoni alidhani kitaondoka. Hakikuondoka. Alifunga na kuomba, akafungua, akajipapasa, kikawa pale pale. Hakumwambia mtu. Mkewe mwenyewe, Dorcas, hakujua, maana siku hizi Nkwabi alilala na fulana na kusingizia upepo wa ziwani.

Zamu yake ilipofika aliinama kwenye hadubini, akafumba jicho moja. Kwa muda aliona kope zake mwenyewe. Kisha dunia nyingine ikafunguka, ya waridi na zambarau.

"Unaona nini, mzee?" aliuliza Winnie taratibu.

"Naona kama sofa iliyopasuliwa ubavuni. Juu kuna kitambaa kigumu, kimepangwa tabaka tabaka. Halafu kuna vishada, kama zabibu."

"Hizo ni tezi za mafuta. Kwingine mwilini hutoa mafuta yake kupitia shimo la unywele. Hapa kwenye duara jeusi la chuchu nyingi zinafungukia juu ya ngozi moja kwa moja, bila unywele. Shuka chini kidogo."

"Kuna vimirija vimejikunja, kama uzi uliofumuka kutoka kwenye bobini."

"Tezi za jasho. Sasa nenda kulia. Umeona mifereji mipana kidogo, imetulia peke yake? Hiyo ni ya maziwa."

"Ya maziwa," alirudia Nkwabi. "Kwa mwanaume."

"Tezi ya maziwa ni ndugu wa tezi ya jasho, mzee. Tukiwa tumboni mwa mama zote zinaanza kwa njia moja, ngozi inachimba kwenda chini kama mzizi. Msichana akikua, zake zinatawanyika na kuchipua. Kwa mvulana inabaki mifereji midogo. Lakini ipo. Na kilichopo mwilini kinaweza kuugua."

Nkwabi aliinua kichwa. Alijitahidi sauti yake iwe ya mwanafunzi tu.

"Ikiugua, inakuwaje?"

"Mara nyingi ni jambo dogo. Tezi inaziba mdomo, inajaa, inavimba. Mara chache ni kansa. Kwa vidole huwezi kujua. Inabidi kitolewe, kitazamwe hivi tunavyotazama."

"Shemeji," alisema Mayala kutoka nyuma, "mbona unauliza kama mtu anayetaka kununua?"

Nkwabi alirudi dawatini. Ukurasa wake ulibaki mweupe hadi mwisho wa kipindi.

Tayari alikuwa amejaribu kwenda hospitali mara moja. Alifika mpaka kwenye kona, akaona benchi limejaa akina mama na juu yao kibao kinachosema Kliniki ya Matiti. Mama mmoja alisogea kwa wema, akampisha akae, akamwuliza amemsindikiza nani. Nkwabi alisema amepotea njia, akarudi Mkuyuni kupigilia kitambaa.

Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata, kwenye ibada ya maombi, alitumia njia aliyoiona ya busara. Ulipofika wakati wa kutaja mahitaji, alisimama.

"Kuna mtu ana uvimbe kwenye titi," alisema. "Sitamtaja. Mungu anamjua. Naomba tumwombee."

Alikaa akiwa na amani. Hakuwa amesema uongo hata neno moja. Akina mama wakiongozwa na Selina, mwenyekiti wao, waliomba kwa sauti, wengine wakilia, naye akaitikia amina kwa moyo wote akijua machozi yale yote ni yake.

Alichosahau ni kwamba akina mama wakimaliza kuomba hufikiri. Mtu huyo ana titi, kwa hiyo ni mwanamke. Mzee wa kanisa mwenye adabu zake hawezi kujua habari za titi la mke wa mtu mwingine. Binti zake wameolewa mbali na wangeombewa huko huko. Selina hakuhitaji kufika mbali. Kabla hawajatoka nje ya lango walikwisha kugawana zamu za kupika.

Jumamosi Nkwabi alirudi kutoka kazini akakuta mke wake ameketishwa kwenye kiti cha uvivu uani, miguu juu ya kigoda. Mama mmoja alikuwa anafua nguo zake. Mwingine alikuwa anafagia. Selina mwenyewe alikuwa anakoroga supu ya vichwa vya sangara kwenye sufuria lililojaa pomoni.

"Karibu, mzee," alisema Selina kwa sauti ya msibani. "Tumeona si vizuri kukuachia mzigo peke yako. Mama Shigela asinyanyue ndoo ya samaki tena. Utamsaidia kubeba mpaka sokoni, sivyo?"

Dorcas alikuwa muuza sato, mwanamke wa mikono yenye nguvu ambaye hakukumbuka mara ya mwisho alipoketishwa. Alimtazama mumewe juu ya bakuli la supu, macho makavu kabisa.

"Atanisaidia," alisema. "Mume wangu ana siri nyingi za upendo."

Walipoondoka, Dorcas, akiwa amembusu kila mmoja wao na kushukuru, aliweka bakuli chini.

"Baba Shigela."

"Naam."

"Nimekula bakuli mbili. Nimeombewa mara tatu. Nimekubali kila pole niliyopewa, kwa sababu sikutaka kukuaibisha mbele za watu. Sasa naomba uniambie, nina ugonjwa gani?"

Nkwabi alikaa juu ya kigoda ambacho mkewe aliwekea miguu. Alieleza yote, kuanzia sabuni hadi Ijumaa, huku akitazama sufuria. Dorcas alianza kucheka katikati ya maelezo, bila sauti, mabega yakitikisika mpaka kiti kikalia.

"Kwa hiyo wewe una titi, mimi nakunywa supu."

"Usicheke, Mama Shigela. Ni jambo zito."

"Najua ni zito. Vua fulana."

Alivua. Dorcas aliweka kidole pale, akakibonyeza, akakisukuma upande huu na huu. Kicheko kikamtoka usoni taratibu. Nkwabi alikumbuka, wakati huo tu, kwamba mama mkwe wake alikufa kwa ugonjwa wa titi, na kwamba mwanamke huyu ndiye aliyemwosha hadi siku ya mwisho.

"Mungu alikwambia ufiche?" aliuliza Dorcas.

"Hapana."

"Alikwambia usiende hospitali?"

"Sikumwuliza hivyo. Nilimwomba aondoe tu."

"Umempa kazi na njia ya kuifanyia pia. Jumatatu tunakwenda." Alimrudishia fulana yake. "Nitakubebea ugonjwa mpaka majibu yatoke. Baada ya hapo kila mtu na titi lake."

Jumatatu walikaa kwenye benchi la akina mama. Walipoitwa, muuguzi alimwonyesha Dorcas pazia na kumwambia, "Mama, ingia uvue juu. Baba asubiri nje." Dorcas alimsukuma mumewe mgongoni. "Mgonjwa ni huyu. Mimi nimemsindikiza tu, ni mwoga." Daktari alimpapasa, akauliza maswali, akasema afadhali kitolewe chote kikatazamwe. Walimchoma sindano ya ganzi, wakakitoa, kitu kisichozidi punje ya hindi, wakakitumbukiza kwenye kichupa cha dawa na kubandika jina lake.

Kusubiri majibu kulikuwa kugumu kuliko kisu. Alfajiri Nkwabi alibeba ndoo ya sato ya mkewe hadi sokoni, bandeji ikimvuta kifuani, Dorcas akitembea nyuma mikono mitupu. Alitembea polepole kwa ajili yake, na watu wakadhani ni kwa ajili ya ugonjwa wake mwenyewe. Akina mama walisimama vibarazani wakamsifu Nkwabi. Mume kama huyu, walisema, Mungu ampe maisha marefu. Kila sifa ilimchoma. Usiku Dorcas alimbadilishia bandeji, akamwachia supu iliyobaki, chini kabisa, penye mifupa.

"Kula, mgonjwa wangu wa siri," alimwambia. "Leo walikuja na maziwa. Nimeyanywa yote. Nimeona wewe unayo ya kwako."

Nkwabi alicheka hadi mshono ukauma. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda. Alizoea kumwomba Mungu kwa mpangilio, shukrani kwanza, toba, kisha mahitaji. Sasa alisema tu, "Bwana, naogopa," akaona hana nyongeza.

Darasani kulikuwa na jambo lingine. Mayala alikuwa ameacha utani. Alikuja, akakaa, akanakili. Nkwabi alimaliza sala zake na hakusikia mnong'ono wowote nyuma. Siku ya kwanza alishukuru. Siku ya pili alikosa raha. Siku ya tatu, Mwalimu Winnie alipotoka kidogo kwenda kutafuta chaki, aligeuka.

"Shemeji, vipi? Umenisusa?"

Mayala alikuwa amefungua kitabu kwenye mchoro wa titi. Alikuwa ameukodolea macho kwa muda mrefu.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema. "Nimesikia kwa Selina, tena njiani. Yule ni dada yangu. Baada ya mama kufa yeye ndiye aliyenipikia." Alifuta uso kwa kiganja. "Mama naye alianza hivi hivi, shemeji. Kitu kidogo."

Nkwabi alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Wakati wote huo alihesabu aibu yake peke yake. Hakuwaza kwamba kuna mtu analala macho kwa ajili ya uongo ambao yeye alijisifu kuwa si uongo.

"Si dada yako," alisema. "Dorcas ni mzima."

"Usinifariji."

"Ni mimi, Mayala. Titi ni langu." Alifungua kifungo, akamwonyesha pembe ya bandeji. "Nilisimama nikaomba bila kutaja jina, wakadhani ni yeye."

Mayala aliitazama bandeji, akamtazama usoni.

"Mungu ashukuriwe," alisema, na pumzi ndefu ikamtoka. Kisha akasikia alichosema. "Samahani, shemeji. Sikuwa na maana hiyo."

"Ulikuwa na maana hiyo hiyo. Ni sawa. Nisamehe mimi."

Mwalimu Winnie alirudi na chaki, darasa likasimama, likakaa. Ilipita nusu ya kipindi ndipo Nkwabi aliposikia mnong'ono shingoni.

"Unajua nimelia siku tatu kwa ajili ya titi lako?"

"Andika, Mayala."

"Hata mke wangu sijawahi kumlilia hivyo."

Majibu yalitoka wiki iliyofuata. Daktari, mtu wa Bukoba aliyezoea kuwatania wanaume wa Kisukuma, aliisoma karatasi yote kimyakimya kwanza, jambo lililomzeesha Nkwabi kiasi, kisha akaishusha.

"Ngosha, huna kansa. Tezi moja ya jasho iliziba mlango wake ikajaa maji. Imetoka yote. Nenda ukashone masofa."

Dorcas aliomba kutoka nje kidogo. Walimsikia akilia ukutani, kilio cha mtu aliyekuwa amekizuia kwa utani wa majuma mawili. Nkwabi alimfuata, akamshika bega, akaiweka kando heshima yake ya uzee wa kanisa, naye akalia, watu wakipita.

Kabla ya kuondoka aliuliza kama anaweza kukiona kile kinyama. Daktari akasema ni chake, kwa nini asikione. Mwalimu Winnie alikuwa maabara, amevaa koti jeupe. Ndiye aliyekuwa amekikata kwa mikono yake, amesoma jina kwenye kichupa, na jioni zote zile hakuwa amedokeza lolote.

"Shikamoo, mzee," alisema, akamsogezea kiti.

Nkwabi aliinama. Aliyafahamu sasa yale tabaka, vishada, na vimirija. Katikati ya vimirija palikuwa na uwazi mpana wa mviringo, kama kidimbwi, umezungukwa na safu ya seli zilizosimama bega kwa bega, viini vyake vyote chini, vichwa vyote vikielekea majini.

"Zimepangika," alisema.

"Zinaendelea na kazi yake. Mlango ulifungwa, lakini hazikuambiwa."

Nkwabi alikaa pale, jicho kwenye lenzi, midomo ikicheza bila sauti, na Winnie akajua anaomba, akaenda kupanga vichupa vyake mpaka amalize.

Ilibaki Jumapili. Akina mama walikuwa na desturi yao: dada aliyepona alisimama kanisani kutoa shukrani, kisha walimfunika kitenge cha umoja wao na kumsindikiza hadi nyumbani kwa nyimbo. Habari kwamba majibu ni mazuri ilikwisha kumfikia Selina. Baada ya mahubiri alisimama na kitenge kipya mkononi, bado kina mikunjo ya dukani.

"Tunamwita dada yetu aliyetendewa makuu."

Kanisa zima liligeukia upande wa Dorcas. Dorcas aliangalia mbele, mikono juu ya mapaja, akatulia kama mtu ambaye halimhusu. Selina alirudia mwito. Mayala, upande wa wanaume, alikohoa.

Nkwabi aliwaza kwamba bado ingewezekana kunyamaza. Dorcas angemsamehe, kama alivyomsamehe mengi. Aliona sakafu, akaona viatu vyake, akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Uvimbe ulikuwa kwenye titi langu mimi. Mke wangu alikula supu yenu kwa niaba."

Nkwabi aliendelea kwa sababu hakujua namna ya kukaa. Alisema mwanaume naye ana titi, na Mungu alilitia tezi za mafuta, za jasho na vifereji vya maziwa visivyo na kazi. Alisema yeye alimwomba Mungu gizani kwa kukionea haya kiungo alichopewa na Mungu huyo huyo. Alisema kama kuna baba mwenye kitu kama kile asingoje. Benchi la akina mama lina nafasi, na wao ni wakarimu. Kicheko kilianzia nyuma, kikasambaa, kikamfikia hata mchungaji. Hakikuwa cha kudhalilisha. Nkwabi alishangaa kwamba anaweza kusimama ndani yake.

Selina peke yake hakucheka. Alitembea hadi mbele, akakunjua kitenge, akakitupa juu ya mabega ya Nkwabi, akakifunga vizuri kifuani.

"Desturi ni desturi," alisema. "Na supu tuliyopika ilikuwa ya mgonjwa."

Walimtoa nje kwa wimbo. Njia ya nyumbani ilipita kati ya vibanda na mawe makubwa ya Mkolani, na kila kibarazani watu walitoka kutazama. Dorcas alitembea upande mmoja akiimba sauti ya pili, Mayala upande mwingine akimshikia pindo la kitenge lisiburuze vumbi, kwa unyenyekevu wa kuchukiza. Karibu na kisima bibi mmoja aliyekuwa anachota maji alinyoosha shingo, akatafuta kati ya wanawake, asione wa kumpa pole.

"Mgonjwa ni yupi jamani?"

Akina mama walinyamaza, wote kwa pamoja, wakamwachia.

"Ni mimi, bibi," alisema Nkwabi. "La kushoto."